Kuchagua Wachezaji kwa Kuangalia Zizi

Nimeona wajinga wengi maishani, na baadhi yao niliwapigia kura mimi mwenyewe, lakini sijaona wajinga wenye kujiamini kama kamati ya mpira ya shirika letu pale Mweiga, miaka ile ya sabini. Walikuwa wanaume saba wenye makoti mazito na matumbo ya kuheshimika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kucheza mpira, isipokuwa mweka hazina, na yeye aliupiga mara moja tu, siku ulipomfuata kwenye viti vya wageni, akaupeleka moja kwa moja kwenye shamba la viazi. Hao ndio waliokaa kitako wakaamua ni wachezaji gani wawe nguzo za timu.

Wacha nieleze mambo yalivyokuwa, maana nikiwasimulia vijana wa siku hizi wanadhani natia chumvi. Ningetia chumvi wapi? Mambo yenyewe yalikuwa yameshajaa chumvi.

Shamba la mzungu, kuanzia barabara ya Nyeri hadi karibu na msitu wa Nyandarua, lilikuwa limenunuliwa na shirika. Wenye hisa walikatiwa vipande vyao, wakapanda viazi, wakachukua ng'ombe wa gredi, wale chotara wa maziwa mengi, kwa mkopo, wakaanza kutembea polepole kama machifu. Waliokuwa vibarua wa mzungu na hawakuwa na hisa waliachwa kwenye laini, zile nyumba za mbao zilizosimama mstari mmoja nyuma ya ghala la maua ya pareto. Timu ya shirika ilikuwa na watu wa pande zote mbili, wana wa wenye hisa na wana wa laini, na uwanjani hakuna aliyemwuliza mwenzake hisa. Mimi nilikuwa fundi wa mbao, nikikaa na mama yangu, na nilikuwa kapteni. Nilicheza namba tano, katikati ya difensi, mahali ambapo mtu anaona upuuzi wote wa wenzake ukitokea mbele ya macho yake.

Mwaka huo tulikuwa tumecheza vibaya mno. Tulibaki kwenye ligi ya wilaya kwa sababu moja tu, timu moja ilikuwa mbaya kuliko sisi. Wachezaji walikuwa wameanza kutoroka. Wengine walienda Nairobi, wengine wakaandikwa jeshini, na winga wetu wa kulia alioa msichana wa Othaya akahamia kwa wakwe zake, jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Waliosalia hawakutosha hata kugombana vizuri.

Ndipo shirika likatoa neno. Kamati ichague wachezaji watano, na hao watano wapewe kazi za shirika, kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe, kwenye ghala, au kwenye lori la maziwa, ili wasiondoke. Timu nzima itajengwa kuwazunguka hao. Wazo lenyewe halikuwa baya. Hata kichaa huokota kitu cha maana njiani siku moja moja.

Lakini wakati huohuo kamati ya ardhi ilikuwa imekata shauri kwamba laini zibomolewe viazi vikishavunwa. Atakayebaki na chumba ni mfanyakazi wa shirika peke yake. Wengine wote watafute kwao. Na namba tisa wetu, mshambuliaji aliyefunga karibu kila goli tulilolipata mwaka huo, alikuwa mtoto wa laini. Alizaliwa pale. Baba yake alikufa wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, na mama yake alichuma pareto ya mzungu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na ndugu mwenye shamba, hawakuwa na pengine pa kwenda. Kwa sisi wengine huo ulikuwa mpira. Kwa huyo kijana ilikuwa nyumba ya mama yake.

Nami sikuwa na wasiwasi, mjinga mimi. Nilisema, kama wanachagua watano, yeye atakuwa wa kwanza, na hao wanne wengine wataokotwa popote. Alikuwa mwembamba, kifua hana, miguu imepinda kidogo, na ukimwona amesimama ungempa pole. Lakini mpira ukimfikia ulitulia miguuni mwake kama paka amefika nyumbani. Mabeki wa Nyeri mjini, watu wa ofisi wenye soksi nyeupe, walikuwa wakimfuata wawili wawili na bado wanarudi kwao wakilaumiana.

Kikao kilifanywa katika nyumba kubwa ya mzungu, sebuleni, moto ukiwaka. Nilialikwa kwa sababu ya ukapteni, nikapewa kiti karibu na mlango. Wote pale tulikuwa Wakikuyu watupu, lakini mwenyekiti alipenda kuendesha mikutano ya mpira kwa Kiswahili, ati kwa sababu mpira ni jambo la serikali. Kiswahili chake kilikuwa kama barabara ya Endarasha wakati wa mvua, unafika, lakini umechafuka.

"Shida ya timu yetu ni watu kutoroka," alisema. "Leo iko, kesho haiko. Sasa sisi tunataka mtu ya kukaa. Na mtu ya kukaa inajulikana na nini?"

Watu wakatazama moto. Mimi nikasema, "Inajulikana kwa kufika mazoezini, mzee."

"Hapana," akasema, na akanionea huruma kwa macho. "Inajulikana na ng'ombe. Mtu iko na ng'ombe ya gredi hawezi kuenda Nairobi. Ataachia nani?"

Mungu wangu, walivyopiga makofi! Mweka hazina akasema hayo ndiyo maneno. Katibu akasema hata yeye alikuwa akiwaza hivyohivyo tangu asubuhi. Walikuwa wametoka kwenye kamati ya mikopo ya ng'ombe wiki ileile, ambako walizoea kumpima mtu kwa nyasi zake za nepia na zizi lake kabla ya kumkopesha, na sasa walikuwa wameleta kipimo kilekile kwenye mpira bila hata kukipangusa.

"Na mpira wenyewe?" nikauliza.

"Mpira gani?"

"Kuucheza, mzee."

"Hiyo atafundishwa," mwenyekiti akasema. "Ng'ombe ndio hawezi kufundishwa kupata."

Basi wakaamua kuzunguka nyumbani kwa wachezaji, boma hadi boma, wajionee. Kwetu wazee hufanya hivyo wanapokwenda kuulizia msichana. Wanakaribishwa, wanakula, macho yao yanatembea kwenye ua na ghalani, wanarudi kwao na taarifa. Sikujua kwamba inawezekana kumposa golikipa.

Wakaniburuta nami, ati kapteni lazima awepo. Tulianza kwa mtoto wa mwenye hisa mmoja, kijana mnene mwenye roho nzuri aliyekuwa akikaa golini siku ambazo hatukuwa na mtu mwingine. Aliogopa mpira. Sisemi kwa ubaya, ni kweli, ukija kwa nguvu alifumba macho na kugeuza uso kama mtu anayepigwa na moshi. Lakini zizi lake! Baba yake alikuwa amemgawia ng'ombe wake mwenyewe, na zizi lilikuwa na sakafu ya saruji. Wazee waliingia humo wakasahau kutoka. Makamu wa mwenyekiti alishika kiwele cha ng'ombe akatikisa kichwa kwa furaha. Mweka hazina alichovya mkono kwenye shimo la samadi, akaunusa, akanigeukia.

"Kapteni, mtu ya mbolea kama hii hatoroki."

Nikamjibu kwamba mpira pia hautamtoroka, utapita hapohapo alipo kuelekea wavuni. Hakunisikia, au alijitia hamnazo. Hawakumwuliza yule kijana hata kama ana viatu vya mpira. Wakanywa maziwa, wakamwambia baba yake ameelimisha mtoto, wakaondoka.

Kwetu mambo yalikuwa kichekesho kingine. Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, na kadi ya kuuzia shirika maziwa ilikuwa yake, kwa jina lake, na hakutaka mtu aseme vinginevyo. Mwenyekiti alipoanza kunisifu mbele ya ng'ombe, mama akamkata.

"Huyo ng'ombe ni wangu, si wa huyu. Huyu hana hata mkia wake."

"Mama, kitu ya mama ni ya mtoto," mwenyekiti akasema akicheka.

"Nikifa," mama akasema. "Na bado sijafa."

Nikachaguliwa. Baada ya miaka yote ile ya kupigwa viatu magotini kwa ajili ya shirika, nilichaguliwa kwa sababu ya ng'ombe ambaye si wangu. Nilicheka njia nzima mpaka tukafika laini, na hapo kicheko kikaisha.

Mama wa namba tisa alikuwa ameambiwa kwamba wazee watakuja. Alikuwa amefagia mbele ya nyumba yake, na mbele ya nyumba za majirani kushoto na kulia, ili wazee wasikanyage takataka popote. Alikuwa ameazima vikombe. Nilivijua, vingine vilikuwa vya kwetu. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani, na siku ile haikuwa Jumapili. Kijana mwenyewe alisimama mlangoni amechomekea shati, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Mwenyekiti alikataa kuingia kwanza. Alizunguka nyumba, akarudi, akasimama.

"Zizi iko wapi?"

"Mzee wangu, sina zizi," yule mama akasema. "Niko na huyu kijana tu."

Mwenyekiti akatazamana na wenzake. Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema asante, akaaga, akaenda zake, kwa sababu jibu walikuwa wameshalipata. Lakini harufu ya kuku ilikuwa imewafikia. Yule mama alikuwa amechinja kuku wake, na hakuwa na wengi, akampika na viazi. Wakaingia, wakajipanga kwenye kitanda na kwenye benchi, wakala. Walikula mpaka wakavunja mifupa wakanyonya ndani. Mimi nikasema nimeshiba. Mama mwenyewe hakuonja. Alisimama akiwamiminia chai, na alipoona wameridhika, akasema neno lake. Nilijua amelipanga usiku kucha.

"Wazee wangu, akipata kazi hata ndogo, hata ya kuosha dipu, tutakaa. Hatuna mahali pengine. Nilikuja hapa nikiwa msichana."

Mwenyekiti akapangusa mdomo kwa kitambaa. "Mama," akasema, "tumeona."

Mama akashukuru! Alishukuru kwa mikono yote miwili, na akatusindikiza mpaka barabarani. Sijui kama nimewahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia hao saba wakipanda ile njia, wakichokonoa meno.

Jioni ileile wakakaa. Watano wakachaguliwa, wote wa ng'ombe. Kipa wa kufumba macho, mimi wa ng'ombe wa mama, ndugu wawili ambao kazi yao kubwa uwanjani ilikuwa kurushiana maneno, na mjomba mmoja wa watu mwenye goti bovu lakini ekari za kutosha. Namba tisa hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Nikasimama. Nilikuwa nimekasirika mpaka Kiswahili kikanitoka chote, nikasema kwa lugha yetu, lakini maana yake ilikuwa hivi: mnatafuta mtu ambaye hataondoka, na mama yule amewaambia kwa kinywa chake, mkiwa mnakula kuku wake, kwamba hawana pa kwenda. Kama kuna mtu wa kukaa katika Mweiga nzima ni huyo. Hawa wenye mashamba wanaweza kuuza kesho wakahama. Yeye atahamia wapi?

Kwa kitambo kidogo nilidhani nimewagusa. Kisha mwenyekiti akarudi kwenye Kiswahili chake cha serikali.

"Kapteni, mtu hana kitu ya kumshika, upepo inabeba. Kaa chini."

Na wote wakaitikia kwamba kweli, upepo unabeba. Waliona ni jambo la busara sana. Ebu fikiria, wanamwambia mtu atabebwa na upepo, na wao wenyewe ndio wanaokwenda kung'oa paa.

Laini zilibomolewa viazi vilipokwisha kuvunwa, kama walivyosema. Mbao ziligawanywa kwa wenye hisa. Mama yangu alimwita yule mama aje akae kwetu, na alikataa kwa upole. Alisema si vizuri alale kwenye nyumba ya kijana aliyepata kazi ambayo mwanawe ameikosa, watu watafikiri amekuja kudai. Mama alimbembeleza hata akamgombeza, wapi! Akaenda kukaa kwa mwanamke wa kanisani kwake karibu na soko, akapewa nafasi jikoni, kwenye moshi, pamoja na kuni na mbuzi. Kijana alipakia viazi kwenye malori pale Nyeri kwa muda, halafu nikasikia yuko Nanyuki, amechukuliwa na wafanyabiashara wa mifugo Waislamu, anawachungia mbuzi wa mnada na kuwachezea mpira. Watu hao hawakumwuliza kuhusu zizi. Walimwona akicheza mchangani na watoto, wakamwita.

Mimi nilibaki. Watu waliniuliza kwa nini sikujiuzulu, na niliwajibu ukweli, nilitaka kuuona mwisho wa hiyo kamati kwa macho yangu mawili.

Sikungoja sana.

Shirika lilikuwa na sheria yake ya maziwa. Zamani watu walikuwa wakitia maji, na wakishikwa wanasema ni mtoto aliyekosea, au ni mke, au ni mvua. Kwa hiyo kamati ya maziwa, ambayo ilikuwa ni watu walewale saba wenye makoti yaleyale, ikapitisha kwamba maziwa ya jioni lazima yaletwe na mwenye kadi mwenyewe, kwa mkono wake, yapimwe mbele yake. Mke akileta, yanarudishwa. Lori lilifika saa kumi na moja. Na mechi zetu za nyumbani zilianza saa kumi, kwa sababu refa alitoka Nyeri na basi la mchana, na kabla ya kufika uwanjani ilibidi ale.

Umeshaona inakoelekea? Wao hawakuona. Vichwa saba, hakuna hata kimoja kilichoona.

Mechi ya kwanza nyumbani ilikuwa na Endarasha. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, tulifungwa moja tu. Mapumziko yakaisha, tukarudi uwanjani, na nilipogeuka kuwapanga watu nikaona ndugu wawili wanavaa makoti. Mjomba wa watu alikuwa ameshafika kwenye ua, anaruka kwa goti lake bovu kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona kwenye mpira. Kipa alisimama golini akitazama nyumbani, akitazama golini, akitazama nyumbani. Lori likapiga honi kule barabarani. Akaondoka mbio, glavu zikiwa mikononi.

Refa akanijia. "Kapteni, hawa umewatoa?"

"Wanakwenda kukama."

Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Unasema kweli?"

"Kwani mimi nafanana na mtu anayetania?"

Nilitazama kwenye viti vya kamati nikiamini kwamba sasa, angalau sasa, mwenyekiti atapiga kelele awarudishe. Kiti chake kilikuwa kitupu. Yeye ndiye aliyekuwa na kile chombo cha kupimia maji kwenye maziwa, na alikuwa ameshatangulia kwenye mizani kuwangoja, asije mtu akadanganya. Mechi ya timu yake inachezwa, na yeye yuko barabarani anawakagua wachezaji wake kama wameongeza maji.

Kapteni wa Endarasha alikuwa mtu mzuri. Alisimama na mpira miguuni, goli letu likiwa wazi kabisa, akaniuliza, "Pole, kapteni. Sasa tupige, ama tungoje wamalize?"

Nikamwambia apige. Wakapiga mpaka wakachoka. Mashabiki wetu, mwanzoni walikasirika, halafu wakaanza kucheka, halafu mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba mimi nilibaki kwa sababu ng'ombe ni wa mama, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Ungefanya nini?

Ikawa hivyo kila mechi ya nyumbani. Kwenye kikao niliomba jambo moja dogo, siku za mechi tu, wake walete maziwa. Wakashtuka utadhani nimetukana mama zao. Katibu akasema sheria ni sheria. Mweka hazina akasema wakifungua huo mlango mto mzima utaingia kwenye mikebe. Makamu akasema maziwa ni kazi na mpira ni mchezo, na mtu mzima hawezi kuacha kazi kwa ajili ya mchezo. Nikamwuliza, basi tunacheza kwa nini? Akasema hilo ni swali la kitoto.

Kufikia katikati ya msimu tulikuwa mkiani peke yetu, na watu wa shirika walianza kunung'unika barabarani na kanisani. Kunung'unika kwa kanisani ndiko kulikomwogopesha mwenyekiti, kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Siku moja akanijia kwenye karakana yangu, akakaa juu ya mbao zangu bila kuomba, akasema wamefikiri. Walikuwa wamesikia habari za namba tisa. Kule Nanyuki kila mtu alikuwa akimtaja.

"Tunataka yeye arudi. Timu ijengwe kwa yeye."

"Na zizi?" nikamwuliza.

"Wacha utoto, kapteni."

Tukaenda Nanyuki kwa pikapu ya shirika, mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Njia nzima walipanga maneno watakayomwambia, na kila walichopanga kilikuwa kinaanza na "sisi". Tulimkuta katika hoteli moja karibu na mnada, amemaliza kazi, anakula na matajiri wake. Alikuwa amenenepa kidogo. Mzee mmoja wa kofia, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alitusogezea viti akatuagizia chai ya tangawizi kabla hata hatujasema tumetoka wapi. Kijana aliposimama kutusalimia, alimpa mwenyekiti mkono kwa heshima zote. Mimi alinikumbatia. Nilitaka kumwambia asikubali, lakini nilijua mama yake yuko wapi, na nikanyamaza.

Mwenyekiti akasema yake yote. Kwamba timu ni ya nyumbani, kwamba mtoto haachi kwao, kwamba kazi ya ghalani iko tayari, kwamba kamati nzima imeona ni yeye tu wa kujengea timu. Alisema vizuri, lazima nikiri. Mtu asiye na aibu huwa msemaji mzuri. Mzee wa kofia alisikiliza akikoroga chai yake, hakuingilia neno.

Kijana alingoja mpaka yakaisha.

"Asante, mzee," akasema. "Nikirudi, nitalala wapi? Na mama?"

Mweka hazina akachungulia kikombe chake, kumbe chai ilikuwa imekwisha.

"Unajua," mwenyekiti akasema, "hiyo maneno ya nyumba si ya kamati ya mpira. Sisi hatuwezi kuingilia. Hiyo ni ya kamati ya ardhi."

Mwenyekiti wa kamati ya ardhi alikuwa yeye. Yeye yuleyule, na koti lilelile. Ndiye aliyesimama pale laini siku ya kubomoa akionyesha kwa fimbo ni paa lipi litangulie. Mimi nilijua, mweka hazina alijua, na kijana alijua kuliko sisi wote, kwa sababu paa la kwanza lilikuwa la kwao. Nikamtazama mwenyekiti nikingoja acheke, nikingoja ashikwe na haya, nikingoja hata jasho kidogo. Hakuna. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Nadhani alikuwa akiamini alichosema.

Ningependa kijana amtukane. Ningemsaidia.

"Sawa, mzee," akasema kwa upole. "Basi ukimwona huyo mwenyekiti wa ardhi, mwambie mama yangu bado analala jikoni kwa watu."

Mwenyekiti akachukua kofia yake mezani, akaitikia kwa kichwa, akasema atamwambia.